Nimekulipa au nimekulipia? Jibu kuhusu kauli ya kutendea

*"Mwalimu, salamu kutoka Malaba. Mimi ni wakala wa forodha upande wa Uganda. Nilikulia Masaka na lugha ya nyumbani ni Kiganda. Kiswahili nimekiokota kwa madereva wa malori. Mwezi uliopita nilimwandikia mteja wangu wa Mombasa: 'Nimekulipa ushuru wote, sasa nitume pesa.' Akanijibu kwamba hajapokea malipo yoyote kutoka kwangu, na kama nataka kutuma pesa, nitume tu. Tulizungushana siku nzima. Dereva mmoja akaniambia nilipaswa kuandika 'nimekulipia' na 'nitumie'. Sasa nasoma jioni kwa ajili ya mtihani wa cheti, na kitabu kina ukurasa mzima wa -ia, -ea, -lia, -lea ambao siuelewi. Mara naona 'kisu cha kukatia', ilhali hakuna mtu anayekatiwa. Mara naona 'amefiwa', ilhali aliyekufa ni mwingine. Mwenzangu ofisini anasema niachane nayo, niseme 'kwa ajili ya' kila mahali na watu watanielewa. Eti kunyambua, yaani kuongeza viungo mwishoni mwa kitenzi, ni Kiswahili cha watu wa pwani, sisi Waganda hatuna kitu kama hicho. Je, ni kweli? Na je, kuna orodha ya kukariri?"*

Ndugu yangu wa Malaba, shida yako ni ya pesa kabla haijawa ya sarufi, kwa hiyo tuanze na pesa. Ulipoandika "nimekulipa ushuru", anayejua Kiswahili anasoma kwamba pesa zimetoka kwako na mteja wako amezipokea. Kitenzi "lipa" kikibeba kiambishi cha mtu, mtu huyo ndiye aliyelipwa. "Nimemlipa dereva" maana yake dereva ana pesa zake mfukoni. Ukisema "nimekulipia ushuru", pesa zimekwenda kwa mamlaka ya mapato, mteja ni yule uliyemtolea, na sasa wewe ndiye unayemdai. Mteja wako hakuwa mkorofi hata kidogo. Alisoma kile ulichoandika.

"Nitume pesa" nayo ina njia mbili tu za kusomeka. Ama ni wewe unayeuliza kama utume pesa, ama ni wewe unayeomba kutumwa, yaani upewe safari uende mahali. Katika zote mbili wewe si mpokeaji wa pesa. Tia -i- ndogo pale kabla ya irabu ya mwisho, upate "nitumie pesa", na ile ni- iliyo mwanzoni inakuwa mtu wa kufikishiwa pesa. Ndivyo ilivyo pia sokoni. Ukisimama Kikuubo ukamwambia mwenye duka "niuze sukari", umemwomba ruhusa ya kuwauzia wateja wake sukari. Anayetaka kununua husema "niuzie sukari".

Kwa hiyo mwenzako wa ofisini anaposema watu watakuelewa tu, mimi sikubaliani naye. Watakuelewa ukiwa nao ana kwa ana, ukionyesha kwa kidole. Kwenye ujumbe wa simu, ambapo mtu ana maneno yako tu, hawatakuelewa, au watakuelewa vingine.

Hoja yake ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nimeisikia kwa Waganda wengi na si kweli. Kiganda kina kauli ya kutendea, yaani umbo la kitenzi linalomwongeza anayehusika na tendo, tena hai sana. Mama anayemtuma mtoto dukani Masaka hasemi "gula" akaishia hapo. Anasema "ngulira omunnyo", ninunulie chumvi. Okufumba ni kupika, okufumbira ni kupikia. Okuleeta ni kuleta, okuleetera ni kuletea. Okusaba ni kuomba, na ukimwombea mgonjwa kwa Mungu ni okusabira. Umekuwa ukinyambua tangu ulipoanza kuongea. Msoga, Mnyankole na Mgisu hali kadhalika, maana karibu lugha zote za Kibantu zina kitu hiki. (Wasomaji wa Acholi, Lango na Arua, lugha zenu si za Kibantu, na njia yenu ya kuingia hapa ni tofauti kidogo; nanyi mtastahili jibu lenu.) Hata katika barua yako umeandika "nilikulia", "nilimwandikia" na "akaniambia". Zote tatu ni za kutendea na zote ziko sawa.

Wala Kiswahili sanifu si mali ya pwani peke yake. Kamati iliyokuwa ikisanifisha lugha hii Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 na ikafanya kazi pale kwa miaka kadhaa. Na tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda limekipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha hii ni yetu pia, na tuna haki ya kuijua kwa ukamilifu wake.

Sasa tuone kiungo hiki, -i- au -e-, kinafanya nini hasa. Kila kitenzi huja na nafasi zake. "Pika" ina nafasi mbili: anayepika na kinachopikwa. Hakuna nafasi ya mlaji. Ukitaka kumtaja mlaji ndani ya kitenzi, lazima umfungulie nafasi, na kazi hiyo hufanywa na -i- au -e-. "Alipika matoke" ina watu na vitu viwili. "Alimpikia mgeni matoke" ina vitatu, na yule wa tatu, mgeni, hakai pembeni. Anakuja kukaa karibu kabisa na kitenzi, mbele ya matoke, na ndiye anayepewa kiambishi, m-. Katika vitabu vingi vya Kenya utakuta chakula kinaitwa shamirisho kipozi na mgeni anaitwa shamirisho kitondo. Kwa mtihani wako, yashike maneno hayo mawili.

Ukilielewa hilo, mambo matatu yanajifungua yenyewe.

La kwanza, "kwa" haina kazi tena. Mtu akiandika "alinipikia chakula kwa mimi", amemtaja mlaji mara mbili. Isitoshe, "kwa mimi" haipo katika Kiswahili sanifu; tunasema "kwangu", na "alipika kwangu" huleta picha ya mtu aliyekuja kupika nyumbani kwako, pengine akala mwenyewe na kuondoka.

La pili ni mpangilio. Mtendewa hutangulia. "Nimemletea meneja faili", si "nimeletea faili meneja".

La tatu linawasumbua Waganda kuliko watu wengine, na vitabu vya kutoka Nairobi au Dar es Salaam havilisemi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kiganda kinaruhusu viambishi viwili vya mtendwa katika kitenzi kimoja. Unasema "nkimuwadde", ukiwa umekitaja kitu kwa -ki- na mtu kwa -mu-, na kila mtu anaelewa. Kiswahili kinaruhusu kimoja tu. Kwa hiyo usiandike "nimekimpa" wala "nimeimpelekea". Mtu akishakuwa ndani ya kitenzi, amechukua nafasi hiyo peke yake, na kitu kinabaki nje: "nimempa hicho kitabu", "nimempelekea ile risiti", au kama kinajulikana tayari, "nimempelekea" inatosha. Katika kauli ya kutendea, mtendewa ndiye mwenye haki ya kiambishi hicho.

Hapo ndipo "amefiwa" inapoeleweka. Mtendewa ana haki nyingine: kitenzi kikigeuzwa kuwa cha kutendewa, yeye ndiye anayepanda kuwa kiima, yaani yule ambaye sentensi inamzungumzia. "Matoke yalipikwa" ni habari ya matoke. "Mgeni alipikiwa matoke" ni habari ya mgeni. Kwako wewe wakala, weka hizi nne ukutani: "nimelipa", pesa zimenitoka; "nimelipwa", nimepokea; "nimelipia", nimetoa kwa ajili ya kitu au mtu fulani; "nimelipiwa", kuna mtu amenitolea. Ukizijua hizo nne bila kusita, hutazungushana tena na mteja kuhusu ushuru.

Kufa kunakwenda vivyo hivyo. "Mtoto alikufa" ni mtoto tu. "Mtoto alimfia" inamleta mzazi, aliyepatwa na kifo hicho. Mgeuze mzazi awe kiima: "mzazi amefiwa na mtoto". Kiganda kinafanya hatua hizo hizo moja baada ya nyingine: okufa, okufiira, okufiirwa. Ukisimama kwenye msiba na kusema "nafiirwa", hujisemi wewe kuwa maiti, na hakuna Mganda anayekushangaa. Wizi nao ni hivyo. "Simu imeibwa" ni sawa. "Nimeibiwa simu" ni sawa. "Nimeibwa" inasema kwamba wewe mwenyewe umebebwa na wezi, na nimeisikia redioni hapa Kampala zaidi ya mara moja.

Jihadhari na jambo moja dogo. Vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili, kama nunua, chukua na fungua, vina umbo moja tu la kutendewa: nunuliwa, chukuliwa, funguliwa. "Viatu vilinunuliwa" na "mtoto alinunuliwa viatu" vinatumia neno lile lile. Hapo umbo halikusaidii. Angalia kiima ni nani, na kama kuna kitu kimebaki nyuma ya kitenzi.

Unaniuliza kama kuna orodha ya kukariri kwa -ia, -ea, -lia na -lea. Hakuna, na aliyekupa ukurasa mzima wa kukariri amekuchosha bure. Itazame irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni e au o, unatumia -e-: leta, letea, soma, somea, omba, ombea, cheza, chezea. Ikiwa ni a, i au u, unatumia -i-: kata, katia, pika, pikia, funga, fungia. Kiganda kinafuata kanuni ile ile bila kubadili chochote: okusoma, okusomera, okuleeta, okuleetera, lakini okugula, okugulira, okusala, okusalira, okulima, okulimira. Sikio lako linaijua tayari.

Hiyo "l" inayochomoza katika "nunulia" na "zalia" haijatoka hewani. Maneno mengi ya Kiswahili yalikuwa na "l" kabla ya irabu ya mwisho, ikadondoka kadiri karne zilivyopita, lakini mbele ya -i- na -e- ilibaki. Kiganda kimeihifadhi. Kiswahili husema zaa, Kiganda okuzaala; ukisema zalia, "l" imerudi kama katika okuzaalira. Kiswahili husema zibua, Kiganda okuzibula. Zibulia ni okuzibulira. Kwa hiyo kitenzi kikiishia na irabu mbili, rudisha "l", kisha fuata kanuni ya irabu: chukua, chukulia, kaa, kalia, toa, tolea, ondoa, ondolea, tembea, tembelea, pokea, pokelea, kimbia, kimbilia.

Na hapa kuna mtego wetu wa nyumbani. Katika Kiganda, baada ya e na i tunaandika r. Kwingine tunaandika l. Mkono wetu umezoea. Ndiyo maana Mganda huandika "nunulia" bila shida, maana "l" imefuata u, lakini akifika kwenye kimbilia, tembelea, pokelea na endelea anaandika "kimbiria", "temberea", "pokerea", "enderea". Katika Kiswahili kiungo hiki ni cha l siku zote. Ukisahihisha maandishi yako mwenyewe, pita kwanza kwenye sehemu hizo: e na i zinazofuatwa na r mwishoni mwa kitenzi.

Vitenzi vya silabi moja ni vichache na utavizoea: kula, kulia, kufa, kufia, kuja, kujia, kunywa, kunywea. Vile vilivyotoka Kiarabu, ambavyo haviishii na -a, hupokea kiungo kwa namna yao: rudi, rudia, jibu, jibia, safiri, safiria, samehe, samehea, sahau, sahaulia. Tusikae hapo.

Tuje kwenye kisu chako, maana hapa ndipo penye utamu, na ndipo Kiganda kinapoacha kukusaidia na kuanza kukupotosha. Nafasi inayofunguliwa na -i- si lazima iwe ya mtu anayefaidika. Inaweza kuwa ya kifaa: kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia, gari la kusafiria. Inaweza kuwa ya mahali: chumba cha kulalia, meza ya kulia. Linganisha "maji ya kunywa" na "maji ya kunywea dawa". Ya kwanza ndiyo yanayonywewa. Ya pili yanasaidia kumeza kitu kingine. Ukiagiza "glasi ya kunywa" umeagiza glasi iyeyuke. Glasi ni ya kunywea.

Kiganda hakitumii -ira kwa kifaa. Kinatumia kiungo cha kusababisha. Enkumbi ni ya kulimisa, unayolimia. Kutumia chombo chenyewe ni okukozesa, inayotokana na okukola. Mganda anayetafsiri moja kwa moja huandika "jembe la kulimisha" na "kalamu ya kuandikisha". Kwa Kiswahili, jembe la kulimisha ni la kumfanya mtu mwingine alime, na kalamu ya kuandikisha ni ya kusajilia watu, kama ile ya karani wa uchaguzi. Sahihi ni jembe la kulimia, kalamu ya kuandikia. Kila mahali ambapo ulimi unataka kusema -isa au -esa kwa sababu ya kifaa, Kiswahili kinataka -ia au -ea.

Ila usiipeleke kanuni hiyo mbali kuliko inavyokwenda. Hali hii ya kifaa huonekana hasa baada ya "cha ku-", "ya ku-", "la ku-", au katika virejeshi kama "kalamu niliyoandikia". Katika sentensi ya kawaida kifaa hufuata "kwa": "alikata kamba kwa kisu". Hapo "kwa" iko mahali pake halali, usiifukuze. Na ukisikia mtu akisema "kisu cha kukata nyama", usimrukie. Inasemwa na wengi, inaeleweka. Kwenye mtihani andika "kukatia".

Kuna pia nafasi ya mwelekeo, na hii inaweza kupindua habari nzima. "Mwizi alikimbia polisi" ni mwizi aliyewatoroka. "Mwizi alikimbilia polisi" ni mwizi aliyeogopa watu wenye hasira, akaenda kujisalimisha. "Amehama Kampala" ameondoka. "Amehamia Kampala" amefika. Kisha kuna nafasi ya sababu: "unalilia nini?" ni sawa kabisa na "okaabira ki?" ya Kiganda. Kisha ya hasara: "simu imenizimikia", "gari limetuharibikia Lugazi", "amenilia pesa zangu". Katika hizi za mwisho hakuna anayefaidika hata kidogo, kwa hiyo mwalimu akikufundisha kwamba kutendea ni "kufanya jambo kwa faida ya mtu", amekupa kipande tu. Kiungo kinaongeza mhusika. Kama mhusika huyo amepata faida, hasara, au ni mahali tu, ni maana ya kitenzi na mazingira yake yanayoamua.

Sasa kuhusu kukariri: yapo maneno machache unayopaswa kuyajua kama maneno kamili, kwa sababu yametembea mbali na mizizi yake. Tumia ni mojawapo, na linakuhusu. "Nimekutumia pesa", zimekuja kwako. "Nimetumia pesa", zimekwisha. Bila kiambishi cha mtu, mteja wako atasoma kwamba umezila. Nuka ni harufu mbaya, nukia ni nzuri. Ona ni kwa macho, lakini onea peke yake ni kudhulumu mnyonge, na onea huruma ni kitu kingine tena. Cheka mtu ni kumdhihaki, chekea mtu ni kumwonyesha uso wa furaha. Yale yenye kiungo maradufu, kama shikilia, pendelea, endelea na tupilia mbali, nayo yachukue yalivyo. Kiganda huunda -irira na -erera kwa uhuru mkubwa, kama okukolerera, na ulimi utakushawishi kuunda "pikilia" na "somelea". Jizuie.

Vilevile si kila -ia au -ea ni kutendea. Ingia, sikia, kimbia, tembea na potea ni vitenzi vya kawaida. Ng'oa mwisho uone kama kinabaki kitenzi kinachosemwa leo. Pikia inabakiza pika. Tembea haibakizi kitu.

Kuhusu "kwa ajili ya", nisimwonee mwenzako. Ni Kiswahili safi, na kuna mahali ndipo penyewe. Kwa sababu au lengo: "anafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya ada za watoto". Kwa mtendewa mrefu usiyeweza kumbana ndani ya kitenzi: "tulipika kwa ajili ya wazee, wajane na wageni wote waliotoka mbali". Kwa msisitizo. Lakini ukiiweka mahali pa kila kutendea, maandishi yako yatakuwa mazito, na msomaji wa Mombasa atajua baada ya mistari miwili kwamba unatafsiri kichwani.

Kutendea nako kuna udhaifu wake. "Nimemwandikia mkurugenzi barua" haisemi kama barua inakwenda kwa mkurugenzi au kama wewe umeiandika kwa jina lake, aitie sahihi. Kwa mazungumzo si kitu. Kwa hati ya forodha ni jambo kubwa. Pale ambapo ni muhimu kujua nani amefanya kwa jina la nani, acha ufupi, andika "kwa niaba ya": "nimelipa ushuru huu kwa niaba ya mteja". Kwenye simu andika "nimekulipia". Kwenye hati andika maneno hayo marefu.

Zoezi ninalokushauri halihitaji kitabu. Chukua ujumbe wako wa wiki hii, wa kweli, uliotuma kwa madereva na wateja. Kila palipo na mtu baada ya kitenzi, jiulize: huyu amepokea tendo lenyewe, au nimemwongeza mimi? Kama umemwongeza, kitenzi kina -i- au -e-? Kiambishi ni kimoja? Kisha ugeuze, umfanye yeye kiima: "nilimlipia mteja ushuru", "mteja alilipiwa ushuru". Ukifanya hivyo kwa sentensi zako mwenyewe, zenye watu unaowajua na pesa unazozikumbuka, utashika haraka kuliko kwa sentensi za Juma na Asha.

Mwisho, mambo mawili ambayo mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Suala la l na r ni la sikio na ulimi, na kama mtihani wako una sehemu ya kuzungumza, tafuta mwalimu akusikilize ukisoma kwa sauti. Kiswahili kinafundishwa Makerere na Kyambogo, na shule nyingi za sekondari sasa zina walimu wake. Pengine yuko mmoja karibu nawe pale mpakani atakayekubali kukupa saa moja kila wiki. Na mkataba wowote wa Kiswahili unaotaja nani analipa na nani analipiwa usiusaini kwa kutegemea jibu hili. Mpe wakili pamoja na mtu aliyebobea katika tafsiri, wausome kitenzi kimoja kimoja kabla hujaweka jina lako.